Goti Likikataa, Usinunue

Simama jioni kwenye mojawapo ya avenyu za Bwiza, hapa Bujumbura, utazame pikipiki zinazopita. Karibu zote ni TVS au Bajaj, pikipiki za kazi, zinazobeba abiria, magunia, kreti za soda na mikungu ya ndizi. Mara mojamoja hupita nyingine ya sura tofauti: imevaa ganda la plastiki kutoka kwenye taa hadi ubavuni, usukani uko chini, kiti cha nyuma kimenyanyuka, na mlio wake ni mwembamba na wa juu. Vijana waliokaa nje ya duka huacha mazungumzo, wakaisindikiza kwa macho mpaka ikate kona kuelekea Buyenzi.

Makala haya ni ya mmoja wa vijana hao, yule anayewapita wenzake wote kwa kimo. Ana miaka ishirini na kitu. Amejiwekea akiba, au mjomba aliye ng'ambo ameahidi kumwongezea, naye anataka pikipiki ndogo ya mbio: ya cc 150, 200, 250, pengine 300. Ana mita 1.88, au 1.92. Katika jiji hili huo si urefu wa ajabu, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuwatazama Urunani na Dynamo wakicheza mpira wa kikapu. Ila pikipiki hizi ndogo zimebuniwa zaidi kwa masoko ya India, Indonesia na Thailand, kwa mwendeshaji wa kimo cha kati. Mtu wa mita 1.90 akizikalia, magoti yake hutokeza pembeni mwa tangi kama ya panzi. Wenzake watacheka wiki moja, kisha watazoea. Goti lililokunjwa vibaya halizoei.

Swali la kwanza ambalo mnunuzi mrefu humwuliza muuzaji ni urefu wa kiti, na ndilo linalompotosha. Honda CBR250R, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, ina kiti kilicho milimita 784 kutoka ardhini. Yamaha R15 ya toleo la tatu ina 815. Kawasaki Ninja 300 ina 785, Yamaha R3 ina 780, TVS Apache RR 310 ina 810, na KTM RC 390 ya toleo la kwanza ina 820. Kijana akisoma tarakimu hizi kwenye simu yake ataikimbilia R15 na kuipuuza CBR, maana sentimita tatu za ziada zinaonekana kama zawadi kwa mwenye miguu mirefu. Akizikalia zote mbili atashangaa. R15 ni nyembamba, usukani wake umeshushwa, na vikanyagio vyake vimepandishwa na kurudishwa nyuma ili visikwaruze lami pikipiki inapolala kwenye kona. CBR250R imewekewa usukani ulioinuka kidogo, mgongo unabaki karibu wima, na mguu unapata nafasi ya kushuka. Zile sentimita tatu zimeliwa zote na vikanyagio, na deni linabaki.

Urefu wa kiti ni habari ya mtu mfupi. Yeye ndiye anayehitaji kujua kama nyayo zitagusa chini akisimama. Mrefu hana shida hiyo, na tusisahau kwamba hiyo ni neema kubwa: anasimama na nyayo mbili zimelala chini kabisa, anaweza kuizuia pikipiki isianguke kwenye shimo au kwenye ukingo wa mfereji, jambo ambalo mwenzake mfupi hulifanya kwa ncha za vidole. Kinachomhusu mrefu ni umbali wa vitu vitatu: makalio, nyayo na viganja. Kati ya kiti na kikanyagio ndipo goti linapopata au kukosa nafasi. Kati ya kiti na usukani ndipo mgongo na viwiko vinapopata nafasi. Tarakimu hizo hazimo kwenye matangazo. Lazima ukapime mwenyewe.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Chukua futi ya fundi cherehani na rafiki mmoja mwenye nguvu. Rafiki asimame mbele ya pikipiki, ashike usukani kwa mikono miwili, akaze gurudumu la mbele kati ya magoti yake, pikipiki isimame wima bila stendi. Wewe panda, weka miguu yote miwili kwenye vikanyagio, shika usukani kama unayeondoka. Usikae sekunde tano kwa ajili ya picha. Kaa dakika kumi, ukizungumza naye. Katika dakika hizo mwili utaanza kusema ukweli: kwanza sehemu ya nyuma ya goti, halafu nyonga, halafu kifundo cha mkono.

Sasa mwambie rafiki akunje usukani mpaka mwisho upande wa kushoto, kisha kulia, miguu yako ikiwa bado juu ya vikanyagio. Hapa ndipo pikipiki nyingi nzuri za macho hushindwa. Kwa mwenye paja refu, ncha ya usukani au mkono wa klachi hugonga goti, au kidole gumba hubanwa kati ya usukani na tangi. Barabarani huwezi kugeuza pikipiki namna hiyo bila kutanua mguu, na kwenye avenyu zetu, ambako mtoto au bajaji hutokea bila kuaga, huwezi kumudu pikipiki usiyoweza kuigeuza kwa ghafla. Ikigonga goti, shuka. Hapo hapana mjadala.

Kisha angalia magoti na tangi. Tangi la pikipiki ya mbio limechongwa pembeni, kila upande una kishimo, na kishimo hicho ni cha kubanwa na goti. Goti lako likikaa juu yake au mbele yake, ina maana huwezi kuishika pikipiki kwa miguu. Watu wengi hudhani hili ni suala la starehe, kumbe ni la uhai. Unapokamata breki ya mbele, mwili wako wote unataka kwenda mbele. Mwenye kubana tangi huuzuia kwa mapaja. Asiyeweza kubana huuzuia kwa mikono. Viwiko vinakakamaa, uzito wote unaangukia usukani, na usukani uliokakamaa haufuati tena barabara. Na mrefu ana mzigo zaidi hapa, kwa sababu kifua na kichwa chake viko juu kuliko vya mwingine, hivyo breki ileile inamsukuma mbele kwa nguvu zaidi na kulipunguzia uzito gurudumu la nyuma.

Mwisho wa kipimo ni kiatu. Vaa viatu utakavyoendeshea. Mwenye mita 1.90 mara nyingi huvaa namba 45 au 46, na nafasi kati ya kikanyagio na mkono wa gia imepimwa kwa mguu mdogo zaidi. Ukilazimika kuinua goti zima ili kidole kiingie chini ya gia, fundi anaweza kuurekebisha mkono huo kwa spana. Ni kazi ndogo. Breki ya mguu nayo hurekebishwa vivyo hivyo. Hayo yasikutishe.

Kuna watakaokuambia kwamba mrefu hafai kabisa kwa pikipiki ndogo, akanunue kubwa. Historia ya mbio inawakatalia. Marco Simoncelli wa Italia alikuwa na mita 1.83, na mwaka 2008 alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 250 akiwa na Gilera, katika daraja lililojaa vijana wadogo wa umbo. Valentino Rossi, naye mrefu kwa kipimo cha mchezo huo, alianzia cc 125 na kuwa bingwa wake mwaka 1997. Scott Redding wa Uingereza, mwenye takriban mita 1.85, alishinda mbio za cc 125 nyumbani kwao Donington mwaka huohuo wa 2008 akiwa na miaka 15. Alipopanda daraja la Moto2, kimo na uzito wake vilikuwa mzigo dhidi ya wenzake wepesi, na mwaka 2013 kanuni ikabadilishwa, uzito wa chini ukawa unapimwa kwa pikipiki na mwendeshaji pamoja. Msimu huo Redding alimaliza wa pili. Lakini hao walikuwa na mafundi waliowatengenezea kiti, vikanyagio na usukani kwa vipimo vyao, na waliendesha chini ya saa moja, wakashuka. Kijana wa Bwiza atakwenda kazini Kamenge asubuhi, atarudi mchana, na jioni atampeleka dada yake Kinama. Mwili wake hautapata kocha wala mkandaji.

Na barabara zetu si za kiwanja cha mbio. Ziko za aina mbili, na kila moja inataka kitu tofauti. Kuelekea kusini, barabara ya taifa namba 3 inafuata ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac, tambarare kwa sehemu kubwa, na huko ndiko pikipiki ya mbio inakoonyesha uzuri wake. Mrefu atagundua jambo moja: kioo kidogo cha mbele hakimfichi. Upepo unampiga moja kwa moja kwenye mabega na chini ya kaske, yaani kofia ya pikipiki, kichwa kinatikisika, shingo inachoka. Kioo kirefu zaidi husaidia, kikipatikana. Kisipopatikana, punguza mwendo, maana shingo iliyochoka huacha kugeuka kutazama nyuma.

Barabara namba 1 ni habari nyingine. Kutoka jijini, karibu na usawa wa ziwa ambao ni mita 770 na ushei juu ya bahari, unapanda takriban kilomita 35 hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu moja unazopanda, kwa hiyo ukifika juu umeacha njiani zaidi ya sehemu moja ya nane ya nguvu ulizoondoka nazo. Mtu mrefu mara nyingi ana kilo 85 au 90. Mpakie mwenzake, na cc 150 itakuwa inalia kwa gia ya pili nyuma ya lori. Kwa sababu hiyo, kwa mrefu anayepanda mara kwa mara kwenda Muramvya au Gitega, mimi singeshauri chini ya cc 200. Kushuka ndiko kunakotisha zaidi. Wasafiri wa barabara ile wanawajua vijana wa baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kuogopesha, na wenzao wanaopanda wakiwa wameshika nyuma ya malori. Kona ni kali, na lori linaweza kuwa limesimama upande wa pili. Yale ya kubana tangi kwa magoti, huko ndiko utakakoyahitaji.

Mafuta ni jambo la pili la mahali hapa ambalo haliandikwi kwenye majarida ya pikipiki ya ng'ambo. Tangu 2021 Burundi imepitia uhaba wa mafuta wa mara kwa mara, na miaka ya 2024 na 2025 foleni za magari kwenye vituo zilikuwa sehemu ya mandhari ya jiji. Watu wamejifunza kuishi na madumu yanayovuka kutoka Kongo na Tanzania. Petroli ya dumu huja na maji, na uchafu, na wakati mwingine na mafuta ya taa. Injini ya Boxer, pikipiki ya kazi ya Bajaj, huivumilia. Ikigoma, fundi yeyote atafungua kabureta, apulize, awashe. Injini za mbio hukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli kwa nguvu zaidi: CBR250R kwa uwiano wa 10.7 kwa 1, R15 ya toleo la tatu 11.6, RC 390 zaidi ya 12. Kadiri uwiano unavyopanda ndivyo petroli mbaya inavyoigongesha injini. Nyingi kati ya hizo pia hazina kabureta, zina pampu ya umeme na sindano ya kupulizia petroli, na tundu la sindano hiyo ni dogo mno kuvumilia mchanga wa dumu. Mwenye kununua pikipiki ya namna hiyo ajizoeze kuchuja petroli kwa kitambaa safi kabla haijaingia tangini, kila mara, hata usiku, hata akiwa na haraka.

Halafu vipuri. Tairi za Boxer, 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, zinaning'inia madukani kote. CBR250R inavaa 110/70-17 na 140/70-17, na hizo huagizwa, mara nyingi kupitia Dar es Salaam au Kampala, kwa fedha za kigeni ambazo nchini ni adimu na ghali. Kabla ya kulipa hata senti, zunguka gereji za Buyenzi, kwenye mafundi wa pikipiki waliojipanga bega kwa bega, uulize mambo matatu: tairi, pedi za breki na cheni pamoja na sprocketi zake. Usimwulize muuzaji, maana yeye atasema vyote vipo. Mwulize fundi mzee, mwenye mikono myeusi kwa oili, ambaye hana pikipiki ya kukuuzia. Akikuambia, "Mdogo wangu, hiyo ikivunjika utaniachia hapa miezi miwili," mwamini.

Hapo ndipo pikipiki mbili za Kihindi zinapopata nguvu ambazo Mjapani hana. Pulsar RS200 ya Bajaj na Apache RR 310 ya TVS zote zina kiti cha milimita 810, zote zina ganda la mbio, na zote zinatoka kwa kampuni ambazo tayari zina mizizi hapa. Si kwamba kila kipuri chake kitakuwa rafuni. Ila njia ya kukileta ipo na inajulikana. RR 310 ilizinduliwa Desemba 2017, na injini yake ya cc 312 ni ndugu wa ile ya BMW G 310 R, kwa sababu kampuni hizo mbili ziliitengeneza kwa ushirikiano. Ukaaji wake ni wa kimbio bila kumkunja mtu kupita kiasi. Kwa mrefu mwenye fedha ya kutosha, hiyo ningeitazama kwanza. Kwa mwenye fedha kidogo, ningemwambia aiondolee macho ile plastiki na kuitazama Pulsar NS200 au Apache RTR 200: usukani uko juu, mgongo umenyooka, magoti yana nafasi, na ikianguka hakuna ganda la kupasuka. Najua jibu lake. Anataka ile yenye ganda, kwa sababu ndiyo iliyomfanya aache mazungumzo nje ya duka. Sitamlaumu. Mtu hanunui pikipiki kwa hesabu peke yake, na kijana anayeipenda pikipiki yake huiosha, huikagua cheni, huisikiliza injini. Mapenzi hayo ni ulinzi pia.

Kama goti linapata nafasi kwa shida kidogo tu, kuna dawa, na dawa bora ni kiti. Mafundi wa makochi wanaweza kufungua ngozi ya kiti, wakaongeza sponji ngumu ya sentimita mbili au tatu, wakashona upya. Mwambie sponji iwe ngumu, kwa sababu laini itabonyea na ndani ya mwezi utakuwa umerudi ulikoanzia. Mwambie pia akinyooshe kile kilima kinachotenganisha kiti cha mbele na cha nyuma, uweze kusogea nyuma. Sentimita mbili kwenye kiti humpa mrefu zaidi ya vile anavyofikiri, kwa sababu zinalifungua goti na nyonga kwa pamoja.

Lakini kuna mikono ya kuizuia. Usikubali mtu achomelee vikanyagio vipya chini ya vile vya kiwandani. Vikikaa chini sana vitagusa lami kwenye kona na kuinyanyua pikipiki kutoka kwenye tairi zake, na chuma kilichochomelewa vibaya hukatika siku mguu wako wote umekielemea. Usikubali pia usukani unyanyuliwe mpaka waya wa klachi au mpira wa breki ubaki umevutwa. Jaribu kwa kugeuza usukani mpaka mwisho pande zote injini ikiwa inaunguruma taratibu. Mlio ukipanda wenyewe, waya ni mfupi.

Kuna pia suala la njia. Bwiza imepakana na katikati ya jiji, na mnamo Machi 2022 pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia huko. Mwenye pikipiki binafsi aulize mipaka inayomhusu kabla ya kununua, maana chombo kinachokulazimisha kuzunguka jiji zima kila asubuhi kinaongeza kilomita, petroli, na dakika za goti kukunjwa.

Fedha isiishie yote kwenye pikipiki. Bakiza ya kaske mpya, ya kufunika uso mzima, na usinunue iliyokwisha kuvaliwa na mtu usiyemjua, kwa kuwa sponji ya ndani iliyowahi kupokea pigo haionekani kwa nje. Urefu wa mwili hausemi chochote kuhusu ukubwa wa kichwa: ivae, funga mkanda, jaribu kuizungusha kwa mkono, ikizunguka na kukiacha kichwa, chagua ndogo zaidi. Koti ni taabu kwa mrefu, kwa kuwa mengi mikono yake huishia juu ya kifundo, na ukinyoosha mikono kushika usukani wa chini ngozi hubaki wazi. Vaa koti hilo ukiwa umekaa juu ya pikipiki yenyewe, mikono kwenye usukani, na uangalie kama glovu inafika kwenye mkono wa koti. Isipofika, fundi cherehani aongeze kipande cha ngozi au turubai, ashone mara mbili.